Mfupa haukuvimba, na bahari msiisingizie

Langoni,
Lamu.

Kwa Meneja,
Duka la Ala za Muziki,
Mombasa.

Bwana Meneja,

MINTARAFU: NATI YA MFUPA MLIYOIWEKA KWENYE GITAA LANGU

Baada ya salamu. Nimewapigia simu mara tatu, na mara zote tatu nimeambiwa kwamba Lamu kuna unyevu, na ndio uliouvimbisha mfupa. Kwamba kuna unyevu nilikuwa najua tangu utotoni. Naandika sasa ili mnisikilize mpaka mwisho.

Niliwaletea gitaa la nyuzi sita ambalo nati yake ya plastiki, kile kidaraja chembamba kinachokalia mwisho wa shingo, ilikuwa imepasuka. Nikaomba ya mfupa wa ng'ombe, ichongwe kwa nyuzi ninazotumia mimi, seti ambayo unene wake unaanzia inchi 0.012 na kuishia 0.053. Pakiti ya nyuzi hizo niliitia ndani ya begi la gitaa ili fundi asibahatishe. Nililipa shilingi 4,500, mbali na 700 za kifurushi kuja kwenu na 700 nyingine kurudi Mokowe, na kutoka Mokowe boti.

Gitaa lilifika Jumatano. Ijumaa nilikuwa na harusi Mkomani. Nilipolipandisha sauti tu, uzi wa nne ukalia kama nzi aliyefungiwa chupani. Wa tatu nao ulikuwa haupandi. Nazungusha funguo, kimya, nazungusha tena, kisha "tik!", ukaruka ukapita pale nilipotaka. Ule ni uzi uliobanwa. Mfereji wa nati unaopitisha uzi unatakiwa uwe na upana uliouzidi uzi kwa kiasi kidogo mno, uzi uteleze. Nilipaka unga wa penseli ukatulia kidogo. Harusini nilipiga gitaa la kuazima, na la kuazima halimjui mtu.

Mimi kazi yangu ni kuchonga milango. Tupa na msasa ninavishika kila siku, kwa hiyo Jumamosi nilikaa barazani na kioo cha kukuzia nikaitazama kazi yenu kwa utaratibu.

Kipimo cha nati kila mpiga gitaa anakijua. Unabonyeza uzi kwenye freti ya tatu (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo), kisha unatazama juu ya freti ya kwanza. Panatakiwa pabaki upenyo kiasi cha unene wa karatasi. Uzi wa nne haukuwa na upenyo wowote, umelala juu ya chuma. Uzi wa kwanza, ule mwembamba, nilipitisha kadi ya kukwangua ya simu ikaingia bila kugusa kitu, na nafasi ikabaki. Ndiyo maana nikibonyeza karibu na kichwa, kidole kinauma na sauti inapanda kuliko inavyotakiwa. Nati moja, uzi mmoja umezama na mwingine uko juu kitandani.

Sakafu ya mifereji nayo ni tambarare, na miwili imeinamia mbele, upande wa freti. Inatakiwa iinamie nyuma, zilipo funguo, ili uzi uachane na mfupa kwenye ukingo wa mbele kabisa. Uzi ukiegemea mfupa kwa nyuma tu, kipande kilichobaki mbele kinacheza ndani ya mfereji na hapo ndipo nzi anapozaliwa.

Kilichoniudhi zaidi ni mfereji wa uzi wa tatu. Chini yake kuna kitu cha manjano kinachong'aa kama kioo. Ni vumbi la mfupa lililochanganywa na gundi kali. Fundi wenu alichimba kupita kiasi, akajaza, akachimba upya, na mara hii akaufanya mwembamba. Mbinu hiyo ninaijua na siilaumu, inamwokoa mtu usiku wa shughuli. Lakini mimi nimelipia mfupa mzima mpya, na kabla gitaa halijatoka mikononi mwenu mlikwisha kujua kwamba umeharibika.

Pembe za nati zimechomoza nje ya shingo. Shingo yangu ni milimita 43, kipande chenu ni 44, na hakuna aliyejisumbua kukipiga msasa.

Sasa huo unyevu. Mti unakunywa maji, hilo hamnifundishi mimi. Shingo ingepinda, basi uzi ungekwaruza hata ukiubonyeza. Huu wa nne nikiubonyeza freti ya kwanza unalia safi, na ya pili safi, na ya tatu safi. Unakwaruza ukiwa wazi tu, yaani pale unapoitegemea nati. Tena ni mfupa gani uvimbe kwenye uzi wa kwanza na upungue kwenye wa nne, na baina yao ni sentimita mbili? Siwa ya Pate, lile baragumu la kifalme, imechongwa kwa pembe ya ndovu, imekaa karne na karne kando ya maji haya haya, na sijasikia mtu akisema imevimba.

Ningeitoa mwenyewe nikawaachia jambo hili. Nati hushikwa na tone moja au mawili ya gundi, kwa sababu nyuzi zenyewe huikandamiza mahali pake, na siku ya kuibadilisha unaigonga kidogo kwa kijiti inatoka. Hii yenu imemwagiwa gundi mpaka ikafurika kwenye ubao wa shingo. Nikiilazimisha itaondoka na mti.

Ninachotaka ni hiki. Nirudishiwe shilingi 4,500 pamoja na 1,400 za usafirishaji, na nipewe kipande cha mfupa kisichochongwa, nitakichonga mwenyewe. Gharama ya kuitoa nati hii bila kuichana shingo iwe juu yenu. Kulirudisha gitaa kwa fundi yuleyule sitaki. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili, na fidia akipata hasara. Iko pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii.

Naambatisha picha sita, mfereji mmojammoja, na nakala ya risiti.

Wenu,
Mteja wenu wa Langoni.

Tanbihi: Mfupa huo mkiutuma, andikeni nambari yangu ya simu juu ya bahasha. Mara ya mwisho gitaa lilikaa Mokowe siku mbili kwa sababu mliandika "Lamu" basi.