Mchanga si chekeche

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya kusafisha maji ilisema mchanga huchuja kama chekeche: kikubwa hubaki, kidogo hupita. Kwa majani na vijiti, sawa. Kwa tope, hapana.

Hesabu yenyewe inakataa. Punje ya mchanga wa chujio ina upana wa nusu milimita hivi, na upenyo kati ya punje hukaribia sehemu ya kumi ya milimita. Chembe ya udongo wa mfinyanzi haifiki mikromita 2, yaani sehemu mbili za elfu za milimita. Kwa chekeche ingepita bila hodi! Hunaswa kwa sababu njia ya maji mchangani imejaa kona: chembe nyingine hukwaruza punje zikipita, nyingine hutua kwa uzito wake, na zile ndogo kabisa hupigwapigwa na molekuli za maji mpaka zikaigusa punje. Zikigusa, hunata.

Ila si lazima zinate. Udongo na mchanga majini kwa kawaida vyote vina chaji hasi ya umeme, hivyo husukumana. Ndiyo maana mitambo inayochuja kwa kasi hutia shabu (chumvi ya alumini) kwanza: msukumano hupungua, chembe zikashikana mabonge.

Chujio la polepole, ambalo maji hushuka mita 0.1 hadi 0.4 kwa saa, kwa kawaida halihitaji shabu. Juu ya mchanga wake huota utando hai wa bakteria, mwani na vijidudu vingine, nao hunasa uchafu na kula vimelea. Ninyi mkashauri mchanga uoshwe kila wiki "mpaka ung'ae". Hapo nilikereka. Mchanga unaong'aa ni chujio lisilofanya kazi bado. Hukwanguliwa sentimita moja au mbili za juu pale tu maji yanapozidi kusuasua, kisha utando hupewa muda wa kuota tena.

Mwaka 1892 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 8,000 Hamburg, Ujerumani, uliokunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Altona, mji jirani, ulichota mto huohuo chini zaidi, maji yakishapokea taka za Hamburg, lakini ukayachuja kwa mchanga polepole. Wagonjwa wake walikuwa wachache mno.

Chumvi iliyoyeyuka, nayo, hupita tu. Mchanga hauna la kuifanya.

Naomba mchapishe sahihisho, na mwanzie kwenye ule ushauri wa kuosha.

Msomaji wenu