Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Kigoma

Ndugu wanachama wenzangu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii,

Mahesabu atayasoma mhazini. Langu mwaka huu ni daftari.

Mtaalamu wa epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea, alipokuja kutuelekeza ufuatiliaji wa magonjwa, alifungua daftari la mwenzetu wa Kibirizi, ukurasa wa wagonjwa wa kuhara. Majina yote yalikuwa na tarehe moja. Akauliza kwa upole, "Hawa wote walianza kuumwa Jumatatu?" Kumbe Jumatatu ndiyo siku mwenzetu alipopita nyumba kwa nyumba. Tulirudi mtaani siku hiyohiyo kuuliza upya. Mama mmoja alianza Alhamisi, jirani yake Ijumaa, na wote walikunywa maji ya ziwa yaliyochotwa mwaloni, mitumbwi inapofikia, bila kuyachemsha.

Kipindupindu humwangusha mtu ndani ya saa chache hadi siku 5 tangu ameze vimelea. Ukikosea tarehe, utatafuta chanzo pasipokuwapo, na watu wataendelea kuchota palepale. Tarehe hiyo hakuna maabara itakayompa mtaalamu. Ataipata kwetu tuliokaa na mgonjwa kwenye mkeka. Mwaka 1854 huko London, daktari John Snow aliuliza nyumba zilizofiwa zilichota wapi maji, akaviweka vifo kwenye ramani. Vikazunguka bomba moja la Broad Street, na mpini wake ukang'olewa. Robert Koch alikuja kukitambua kimelea chenyewe karibu miaka 30 baadaye.

Sisi tuna Kagunga yetu. Mei 2015 wakimbizi kutoka Burundi walijaa kijiji kile kilichobanwa na milima na ziwa, wengine wakisubiri meli ya MV Liemba iwavushe. Wagonjwa wa kipindupindu walifika maelfu, na zaidi ya 30 walifariki. Tuliokuwepo hatujasahau harufu ya klorini.

Kuna jambo limeniuma. Madaftari mapya tuliyoahidiwa na ofisi moja yalichelewa miezi mitatu, wenzetu wakaandika kwenye karatasi za maboksi, nyingine zikalowa mvua. Nimeandika barua mbili, na ya tatu nitaipeleka mwenyewe.

Kwa hiyo naomba mkutano upitishe hili: kila daftari lichorwe safu mbili zaidi, siku mgonjwa alipoanza kuumwa na mahali alipochota maji. Madaftari yaliyopo tutayachora leo kabla ya chakula. Rula na kalamu ziko kwa katibu.

Mwenyekiti