Nina ombi la kiti, shoga yangu

Shoga yangu Rukia,

Assalaam aleikum. Habari za Muheza, habari za watoto, shemeji mguu wake umepoa? Sisi huku Temeke hatujambo, mvua zinanyesha na barabara ya kwetu ndiyo hiyo unayoijua. Tangu shughuli ya Mwanahamisi sijakuandikia, na hayo ya shughuli tuyaache mpaka tuonane, maana yule wifi yake... basi. Leo nina shida na wewe, ila kwanza nikueleze ilipoanzia.

Mama ameshahamia kwangu. Magoti yamemshinda. Kukaa mkekani anaweza, kuinuka ndiyo kazi, mpaka ashikwe kwapa huku na huku, naye unamjua hapendi kushikwashikwa. Ikawa anakula kitandani peke yake, sahani mapajani. Roho iliniuma, Rukia. Mama aliyekuwa akipakulia mtaa mzima ale amejitenga kama mgonjwa wa wodini? Nikamwambia Baba Salma, jikoni nafasi ipo, tuweke meza na viti tule wote.

Mimi moyo wangu ulikuwa kwa maseremala wa Keko, tuagize vya mninga. Mfuko ukakataa. Baba Salma akaenda Kariakoo akarudi na viti sita vya maboksi, vile vya kuunga mwenyewe. Karatasi ya maelezo ni michoro mitupu, halafu kuna mfuko wa bolti na washa, na kale kachuma kalikopinda mfano wa L ka kukazia. Baba Salma akawa anaikaza kila bolti mpaka mwisho ndipo atie nyingine. Matundu ya mwisho yakagoma, mguu mmoja ukabaki hewani. Akatusaidia kijana wa jirani anayesomea useremala VETA. Alizilegeza zote, akazitia zote kwa vidole tu, akakisimamisha kiti kwenye sakafu iliyo sawa, akamwambia Salma akikalie, ndipo akakaza kwa kuvukisha: mbele kushoto, nyuma kulia. Kikatulia tuli! Akatuasa tuzikaze tena kila baada ya muda, maana mbao ikinywa unyevu huvimba, ikikauka husinyaa, bolti zinalegea. Chini ya miguu tumebandika mpira wa tairi ya baiskeli, vigae havikwaruzwi wala hakuna kelele.

Nyumba imebadilika, wallahi. Salma anaandikia kazi za shule pale pale ninapochambua mchicha. Wadogo wanagombania kiti cha dirishani. Nazi nakuna mimi, Mama amekaa juu ananisimamia: "Usifike kwenye kifuu, tui litakuwa jeusi." Anakula nasi, anacheka nasi.

Lakini viti hivi havina mikono, na hapo ndipo penye shida yangu. Akitaka kuinuka anaikamata meza, nayo inateleza. Juzi ilisogea na chai zikamwagika, kidogo aanguke na yeye. Mwenyewe anasema, "Kiti hiki kinanipokea vizuri, lakini hakijui kuniaga." Tukacheka wote, ila usiku sikupata usingizi. Mtu wa umri wake akivunjika nyonga!

Kwa hiyo naomba kiti kimoja tu cha mikono, cha mtiki, maana ninyi mmekaa mlangoni pa shamba la mitiki la Longuza. Yule fundi aliyetengeneza kitanda cha Bi Mtumwa ananifaa. Nimempima Mama akiwa na ndara zake: kutoka sakafuni hadi pa kukalia sentimita 45, nyayo zikanyage chini zote. Mikono iwe sentimita 20 juu ya hapo, isizidi, ipite chini ya meza. Tena itokeze mbele mpaka ukingoni mwa kiti, ndipo anaposukumia kuinuka. Miguu ya nyuma itanuke kidogo, kisibinuke. Viungo viwe vya ulimi na tundu kwa gundi, misumari sitaki. Na mbao iwe imekauka kwelikweli, maana mbichi ikija kukauka nyumbani viungo vitaachia.

Nitatuma nusu ya fedha ukishanipa bei, nyingine kikikamilika. Kikiwa tayari kipakie basi, Baba Salma atakipokea stendi ya Magufuli, Mbezi.

Fundi yupo bado au kahamia Korogwe kama alivyokuwa akisema? Ana mbao kavu, au itabidi asubiri? Shemeji anaweza kukikalia kabla hakijapigwa vanishi, ajaribu kuinuka kwa mikono tu? Na mama yako mwenyewe anakaaje siku hizi, bado mkekani? Mjomba Athumani wamepatana na wanawe? Na wewe unakuja lini? Mama anakuulizia kila Ijumaa.

Nijibu upesi, tafadhali. Hilo la kiti lisingoje.

Wako,
Mama Salma