Katanga si Biafra

Shabani ndugu yangu,

Salamu nyingi. Sisi huku tu wazima, ila mvua haitupi nafasi. Barua yako nimeipata, na ile kauli yako kwamba kujitenga ni uhaini mtupu, iwe Katanga ya Kongo iwe Biafra ya Nigeria, siwezi kuiachia hivihivi.

Neno hili la kujitenga, secession kwa Kiingereza, Wazungu wamelitoa kwa Warumi, waliosema secessio. Mwaka 494 KK makabwela wa Roma, wamelemewa na madeni ya mamwinyi na bado wanaitwa vitani, waliuhama mji wakapiga kambi mlimani. Hawakutaka kuwa na nchi yao wenyewe; ule ulikuwa mgomo. Walipokubaliwa kuwa na watetezi wao, matribuni, walirudi mjini. Haya ya kuikata nchi yamekuja baadaye sana. South Carolina walipojitoa Marekani Desemba 1860, tamko lao lenyewe lilisema wazi kwamba wanalinda utumwa.

Kwa Katanga niko nawe. Tshombe, kiongozi wa jimbo hilo, alitangaza kujitenga tarehe 11 Julai 1960, Kongo haijatimiza hata wiki mbili za uhuru. Shaba ilichimbwa na kampuni ya Kibelgiji, Union Minière, kodi yake ikaingia kwa Tshombe, na askari wa Ubelgiji wakamkinga. Hukohuko ndiko Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alikouawa Januari 1961. Pamoja na fedha zote hizo, hakuna dola iliyomtambua rasmi.

Biafra sasa. Mwaka 1966 Waigbo waliuawa kwa maelfu kaskazini mwa Nigeria, walionusurika wakakimbilia kwao mashariki. Ojukwu, gavana wa kijeshi wa huko mashariki, akatangaza nchi ya Biafra Mei 1967. Mwalimu Nyerere ndiye aliyepigania azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika kule Cairo, 1964, kwamba mipaka tuliyoachiwa na mkoloni isiguswe, na ndiye huyohuyo aliyekuwa wa kwanza kuitambua Biafra, Aprili 1968. Unasema alijipinga. Mimi namwelewa: dola inayoshindwa kuwalinda watu wasichinjwe itawadai utii kwa haki gani?

Najua utanitajia mafuta. Sawa, yalikuwepo. Na makabila madogo ya kule kwenye delta ya Mto Niger, ambako sehemu kubwa ya mafuta hayo ilikuwa, hakuna aliyewauliza kama wanaitaka hiyo Biafra. Hapo ndipo hoja ya Mwalimu inapopwaya, wala sina la kumtetea.

Ila wewe nijibu la Eritrea. Walipiga kura ya kujitenga na Ethiopia mwaka 1993, na Addis Ababa yenyewe ikaridhia. Nao ni wahaini?

Msalimie shemeji na watoto.

Wako,
Hamisi