Laptopu imerudi kutoka kwa fundi, paswedi zinakataa

Ndugu yangu Zuhura,

Salamu, na pole kwa usumbufu. Nimekuelewa: fundi kaweka diski mpya, kapiga Windows upya, diski ya zamani kakurudishia mkononi, na sasa kila unapoingia unaambiwa paswedi si sahihi. Usibonyeze "Forgot password" kwanza. Paswedi zako nyingi ziko vilevile, ila kompyuta imekuwa ngeni. Kila mara jiulize ni nani anayekuuliza, maana Windows, Microsoft, Google na ile diski ya zamani kila mmoja anataka siri yake.

Kwenye kioo cha kuingilia, tazama jina lililo chini ya picha. Likiwa User, HP au Admin, hiyo ni akaunti ya humohumo kwenye mashine aliyoifungua fundi. Paswedi yako haihusiki hapo hata uiandike mara mia. Mpigie umuulize, mara nyingi ni 1234, au hakuweka kitu, unabonyeza Enter tu. Likiwa ni barua pepe yako, basi inatakiwa paswedi ya Microsoft. PIN uliyoizoea isahau: PIN hukaa kwenye mashine yenyewe, haifuatani na akaunti, kwa hiyo Windows ya zamani imeondoka nayo. Utaweka nyingine ukishaingia.

Paswedi unayoijua vizuri ikikataa, shuku kibodi kabla ya kujishuku mwenyewe. Windows mpya ikiwekewa mpangilio wa Uingereza ilhali kibodi yako ni ya Marekani, Shift na 2 haitoi @ bali alama ya kufungua usemi, na Shift na 3 inatoa alama ya pauni badala ya #. Bonyeza kile kijicho pembeni mwa kisanduku uone unachoandika. Kama kijicho hakipo, andika paswedi kwanza mahali inapoonekana, kama kisanduku cha jina, kisha uifute. Angalia na Caps Lock.

Jambo jingine linalochanganya watu: ukibadilisha paswedi ya Microsoft kwa simu, laptopu isiyo na intaneti haina habari. Itaendelea kutaka ile ya zamani mpaka iunganishwe. Na baada ya kupiga Windows, Wi-Fi huwa haishiki kwa sababu draiva yake (programu inayoiendesha) haijawekwa. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa USB tethering, laptopu itatumia bando la simu.

Halafu saa. Windows ikipigwa kwa mipangilio ya Marekani, mara nyingi hubaki na saa za huko; chagua Nairobi, UTC+03:00. Tarehe ikiwa imerudi nyuma miaka, tovuti zitakataa kufunguka na kuingia kwenye akaunti kutagoma, nawe utadhani ni paswedi. Ikirudi nyuma kila ukizima, betri ndogo ya madabodi imekufa. Kwenye mashine nyingi ni CR2032.

Sasa paswedi zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, na hapa ndipo watu hupoteza vitu bila sababu. Kama Chrome ilikuwa imeunganishwa na akaunti yako ya Google, na usawazishaji ulikuwa umewashwa, ingia tu, zitarudi. Kwenye simu zitazame passwords.google.com. Kama haikuunganishwa, usihangaike kunakili folda ya Chrome kutoka diski ya zamani: paswedi zimefungwa kwa ufunguo ambao Windows ya zamani pekee, kwa mtumiaji yuleyule, inaweza kuufungua. Dawa ni kumwomba fundi airudishe diski ile kwa muda, uingie kwa paswedi yako ya zamani, kisha kwenye Chrome utoe paswedi zote kama faili la CSV (orodha ya maandishi matupu). Faili hilo halina kufuli lolote. Ukishaliingiza kwenye Chrome mpya, lifute. Na asije mtu akalazimisha paswedi mpya kwenye ile Windows ya zamani kwa ujanja wa flashi. Akaunti ya humohumo ikibadilishwa paswedi hivyo, siri za Chrome hazifunguki tena.

Firefox ni muungwana zaidi. Unahitaji mafaili mawili, logins.json na key4.db, na lazima yaende pamoja. Kwenye diski ya zamani yako Users, jina lako, AppData (imefichwa, washa Hidden items), Roaming, Mozilla, Firefox, Profiles. Kwenye laptopu fungua Firefox, andika about:support, fungua folda ya profaili, funga Firefox kabisa, ndipo uyabandike.

Diski ya zamani ikiwekwa kwenye keisi ya USB na kudai ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows linalofunga diski nzima), haitaki paswedi yoyote unayoijua. Inataka tarakimu 48, na ziko aka.ms/myrecoverykey kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika Windows ile ilipowekwa. Linganisha herufi za mwanzo za Key ID (kitambulisho cha ufunguo) kwenye kioo na zilizo kwenye akaunti. Ikiwa Windows ile iliwekwa kwa akaunti ya fundi au muuzaji, ufunguo unaweza kuwa kwake. Kwa sababu hiyohiyo, hakikisha hii mpya imewekwa kwa akaunti yako.

Google itakuona kama mgeni. Tumia intaneti ya nyumbani, zima VPN (programu inayoficha ulipo) kama unayo, na ukubali swali litakalotokea kwenye simu. Kama ulichapisha zile namba 10 za akiba za Google (backup codes), zenye tarakimu 8 kila moja, huu ndio wakati wake. Kila moja hutumika mara moja. Laini ikiwa imepotea, irudishe kwa kampuni ya simu kwanza. Kwa Microsoft usifute taarifa zote za zamani za usalama uweke mpya kwa mpigo, utangojeshwa siku 30.

Ukishaingia, usiandike paswedi ya benki bado. Fungua Windows Security utazame Exclusions: kukiwa na folda iliyoondolewa kwenye ukaguzi, au ulinzi umezimwa, huenda Windows iliamilishwa kwa programu ya wizi, na mimi ningedai ipigwe tena. Ondoa AnyDesk au TeamViewer (programu za kuendesha kompyuta kwa mbali) kama hukuziomba, ondoa watumiaji usiowajua kwenye Other users, na uhakikishe Chrome haimo kwenye akaunti ya Google ya fundi, maana utamhifadhia paswedi zako. Kama fundi alizijua zozote, zibadilishe kwa simu.

Ukikwama, nipigie picha kioo kizima, pamoja na jina la akaunti na maneno ya kosa. Paswedi yenyewe usinitumie.

Wako,
Mwanaidi