Zege na umeme vitangulie mashine

Kwa Mhariri,

Naandika kuhusu uamuzi wa chuo kimoja cha kiufundi hapa Kisumu kuhamishia idara yake ya uhandisi katika godauni la kukodi, ili karakana za zamani zikarabatiwe. Ukarabati wenyewe siupingi, kwani paa linavuja na nyaya zimechakaa, na mwanangu anasomea humo. Ninachopinga ni mashine kuhamishwa kabla godauni halijawa tayari kuzipokea.

Darasa la hesabu laweza kuhamia hata ukumbi wa kanisa na masomo yakaendelea siku hiyo hiyo. Mashine ya kukereza chuma haihami hivyo. Hutaka sakafu imara ya zege, isawazishwe kwa pimamaji na kukazwa kwa bolti, kwa maana kitanda chake, yaani kiunzi cha chuma kinachoibeba, kikijipinda hata kidogo, mwanagenzi atakereza mhimili, aupime kwa kalipa na kukuta upande mmoja mnene kuliko wa pili, naye adhani kosa ni la mkono wake. Nimefanya kazi ya karakana hadi kustaafu, na nimewaona vijana hodari wakikata tamaa kwa sababu hiyo.

Umeme nao ni shida. Mashine nyingi za aina hii huendeshwa kwa fezi tatu, yaani nyaya tatu zenye umeme kwa pamoja, volti 415, ilhali godauni hilo, ambalo nimelizuru, lina fezi moja tu ya volti 240. Madirisha ni mawili, na sijaona moshi wa kuchomelea utatokea wapi.

Mafunzo ya kiumilisi humpima mwanagenzi kwa kazi aliyoifanya kwa mikono yake mbele ya mtathmini. Muhula ukipita bila mashine, mzazi atakuwa amelipa ada na mtoto hana kazi ya kuonyesha.

Naiomba bodi ya chuo imwage zege na kuvuta umeme kwanza, ihamishe mashine wakati wa likizo, na ibandike kwenye ubao wa matangazo tarehe ya idara kurejea nyumbani. Ikiwa hayo hayawezekani muhula huu, basi wenye karakana mjini waombwe, kwa mkataba, kuwapokea wanagenzi siku kadhaa kila wiki. Mji huu umeishi na mafundi wa chuma tangu reli ilipoufikia mwaka 1901, na naamini wengi wao watakubali wakiombwa mapema.

Mzazi na fundi mstaafu,
Kisumu