Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Shahada za Uzamili: Turudishieni siku yetu

YAH: MAFUNZO ELEKEZI KWA WANAFUNZI WAPYA WA UZAMILI

Ndugu Mkurugenzi,

Pokea shikamoo yangu. Barua hii nilitamani uipokee ofisini kwako, ndani ya bahasha, kama mbili zilizotangulia. Ya kwanza niliipitisha kwa mratibu wa programu yetu. Ya pili niliiacha mwenyewe kwa katibu muhtasi wako mwezi wa tano, akaigonga muhuri wa kupokelewa mbele ya macho yangu, na nakala ninayo. Kabla ya hapo nilisimama kwenye kikao cha wawakilishi wa madarasa, ukiwa umekaa meza ya mbele, nikasema haya haya, kwamba wanafunzi wa uzamili wapewe siku yao ya mafunzo elekezi. Ulinisikiliza vizuri, na hilo sitalikana. Ila baada ya mambo ya Jumamosi iliyopita nimeshindwa kunyamaza.

Tangazo lilisema mafunzo elekezi yangeanza saa mbili asubuhi kwenye ukumbi mdogo, kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu peke yao. Niliposoma neno "peke yao" nilifurahi, nikawatumia wenzangu nikiwaambia ahadi uliyotupa kikaoni imetimia. Ijumaa usiku, saa tano kasoro, ukaingia ujumbe kwenye kundi la WhatsApp: ukumbi umebadilika, na wa uzamili wataungana na vijana wa shahada ya kwanza. Saa tano ya usiku, Mkurugenzi. Kuna watu saa hiyo walikuwa ndani ya basi, simu zimezima chaji.

Asubuhi mlinzi wa getini alidai vitambulisho vya chuo kutoka kwa watu ambao hawajasajiliwa, na kitambulisho hakitoki mpaka usajiliwe. Simlaumu. Hakuna aliyempa orodha ya majina, na alikuwa akilinda mali ya umma kama alivyoagizwa. Nilibaki pale getini karibu saa nzima nikiwadhamini watu wazima wenzangu, mmoja mmoja, kwa kitambulisho changu.

Shughuli ilianza saa nne na nusu. Tulielezwa habari za mabweni, mavazi, michezo, uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, na namna ya kujiepusha na makundi mabaya. Ni maneno mazuri kwa kijana wa miaka 19 anayelala mbali na mama yake kwa mara ya kwanza, na mwanangu akifika umri huo ningependa ayasikie. Lakini kulia kwangu alikaa mkuu wa shule mwenye wajukuu. Kushoto kwangu alikaa muuguzi aliyetoka Ifakara usiku kucha, aliyebadilishana zamu na wenzake wawili ili apate siku mbili za ruhusa. Alikuwa na daftari dogo la shule mkononi, ameandika maswali kumi na moja, yana namba, kwa mwandiko wa mtu aliyetulia. Nililiona swali la tatu: "Nikitaka kutafiti wodini, naanzia kuomba kibali wapi?"

Kipindi cha uzamili kilikuja saa saba na robo, kikachukua dakika kumi na mbili. Nilitazama saa. Slaidi zilikuwa nne, ya mwisho imeandikwa asanteni. Mtu mmoja aliponyoosha mkono, akaambiwa maswali yapelekwe idarani. Ilikuwa Jumamosi, idara zote zimefungwa. Muuguzi yule alifunga daftari lake, akalirudisha kwenye mfuko wa shati, akaniuliza gari la kwenda stendi ya Mbezi anapandia wapi.

Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokatika, kwa sababu mwaka jana aliyelifunga daftari alikuwa mimi.

Naomba nikusimulie nilivyoupoteza mwaka wangu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Chanika. Chuoni nafika kwa daladala hadi Buguruni, kisha magari mengine mawili, na siku za mvua za vuli hapo katikati naweza kukaa saa tatu. Ada najilipia. Kila mwezi mshahara wangu unakatwa asilimia 15 kurejesha mkopo wa shahada ya kwanza kwa Bodi ya Mikopo, jambo ambalo sheria inataka na mimi nalikubali, kwa kuwa bila mkopo ule nisingesoma. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa kati ya nyumba, watoto na chuo. Mwalimu wa namna hiyo akipoteza muhula mmoja, amepoteza na karo ya mtoto.

Mwaka jana siku ya mafunzo elekezi hakuna aliyenieleza kwamba msimamizi unaweza kuanza kumtafuta mapema, kwa kuandika wazo lako la utafiti kurasa mbili tatu na kulipeleka idarani. Nilidhani msimamizi hupangwa na chuo, kama mwalimu wa darasa anavyopangwa. Nikasubiri miezi minane. Nilipokuja kujua, wahadhiri wa eneo langu walishajaza idadi ya wanafunzi wao, na niliyepewa alikuwa anajiandaa kwenda masomoni nje ya nchi.

Hakuna pia aliyetueleza habari za vibali. Utafiti wangu ni wa wanafunzi wa kidato cha tatu. Nilidhani nikiwa na barua ya chuo naingia shuleni kesho yake, nami ni mwalimu, nafahamiana na wakuu wa shule. Kumbe barua ya chuo inakwenda kwanza kwa Katibu Tawala wa Mkoa, yeye anaandika kwa wilaya, mkurugenzi wa halmashauri naye anaandika kwa mkuu wa shule, na kila meza ina siku zake. Barua yangu ilitoka chuoni mwishoni mwa Mei. Ilipofika mwisho wa safari, shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya Juni. Zilipofunguliwa, msimamizi alikuwa amesafiri. Nilipopata mwingine na kusahihisha dodoso kama alivyotaka, shule zilikuwa zinajiandaa na mtihani wa taifa wa kidato cha nne wa Novemba, na mkuu wa shule akaniambia kwa upole, mwalimu mwenzangu, hapa sasa hivi siwezi kukupa darasa hata moja. Alikuwa na haki. Nisipowahi mapema Januari, mwaka mwingine unaondoka.

Kama siku ile ya kwanza mtu mmoja tu angesimama akasema "ninyi mnaotafiti mashuleni, hesabuni kurudi nyuma kutoka kwenye kalenda ya shule", leo ningekuwa naandika sura ya nne ya tasnifu yangu. Sentensi moja ingetosha.

Sikushtaki kwa ubaya, kwa sababu sidhani kama kuna aliyekusudia. Nakisia tu. Huenda fungu la mafunzo elekezi hupangwa kwa wingi wa vichwa, na sisi ni wachache. Huenda ukumbi mdogo ulichukuliwa na shughuli nyingine dakika za mwisho. Na huenda, hili ndilo linaloniuma zaidi, watu wanaamini kwamba aliyekwisha kupata shahada ya kwanza anajua njia. Hatujui njia. Wengi wetu tulimaliza miaka kumi au kumi na tano iliyopita, tulisoma kwa mihadhara na mtihani, na hatujawahi kuandika andiko la utafiti maishani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Mimi nachukua majina na alama za watoto, na sheria hiyo nimeisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mwanasheria tuliyekaa naye siti moja kwenye daladala. Nilipaswa kuisikia chuoni.

Tume ya Vyuo Vikuu inataka shahada ya uzamili iwe na krediti zisizopungua 180, na krediti moja huhesabiwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Hizo ni saa 1,800. Siku ya kwanza ya masomo mtu aliyeajiriwa anatakiwa kuambiwa namba hiyo waziwazi, aketi na mwenzi wake nyumbani na mwajiri wake kazini, aone saa hizo atazitoa wapi. Wengine wangeamua kuahirisha mwaka mmoja, wakarudi wamejipanga. Badala yake wanagundua katikati ya safari, na kutoweka kimyakimya. Darasani kwetu kuna viti ambavyo sijui waliokuwa wakivikalia wako wapi.

Jumamosi alikuwepo pia dada mmoja kutoka Bujumbura. Mwanafunzi wa kigeni anahitaji kibali cha ukaazi daraja C kutoka Uhamiaji, na maombi yake yanahitaji nyaraka za chuo. Alikaa kutwa nzima akisubiri litajwe hilo tu. Halikutajwa. Jioni nilimpigia simu mwanafunzi wa uzamivu kutoka Malawi aliyepitia njia hiyo, akamwelekeza kwa simu, tukiwa tumesimama kituoni. Ndivyo tunavyoishi hapa, mtu anamwokota mtu. Asiyefahamiana na mtu anabaki alipo.

Nikukumbushe sasa ulichosema mwezi wa tatu, kwa sababu kimeandikwa kwenye muhtasari wa kikao na wewe ukausaini. Ulisema: mwaka ujao wanafunzi wa uzamili watakuwa na siku yao, kila idara italeta angalau mhadhiri mmoja, na kila mwanafunzi ataondoka akiwa na jina la mtu wa kumshika mkono mpaka atakapopata msimamizi. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga makofi nikiwa nimesimama. Nilikwenda kuwaambia walimu wenzangu wawili shuleni kwetu wajaze fomu za kujiunga, kwamba mambo yamebadilika, kwamba hawatapita nilipopita. Wote wawili walikuwa ukumbini Jumamosi. Mmoja wao hajanilaumu hata kwa neno moja, na Jumatatu kwenye chumba cha walimu nilishindwa kumtazama.

Kwa hiyo naomba, na nimeipunguza orodha yangu ikabaki kitu kimoja. Kwenye barua zilizotangulia niliomba kitabu cha mwongozo kwa Kiswahili na Kiingereza, dawati la wanafunzi wa kigeni, kalenda ya vibali, ratiba inayowafikiria walioajiriwa. Vyote bado vinahitajika. Lakini viache kwanza. Naomba siku ile irudiwe. Jumamosi moja tu, kabla Novemba haijaisha, na itangazwe wiki mbili kabla ili watu waombe ruhusa kazini. Waje wahadhiri watakaojibu maswali. Aje mtu mmoja anayejua vibali kuanzia chuoni mpaka kwa mkuu wa shule, na mwingine anayejua mlolongo wa maadili ya utafiti wa tiba mpaka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa. Mlinzi apewe majina. Hatuhitaji fulana, wala soda, wala mgeni rasmi. Ukumbi ukikosekana, tutakaa chini ya miti, na viti nitavipanga mwenyewe na darasa langu, tumekwisha kukubaliana.

Najua utaambiwa na wasaidizi wako kwamba mafunzo elekezi yamekwisha kufanyika, na kuna picha. Ni kweli picha zipo, na mimi nimo kwenye moja. Nakusihi usizitazame hizo. Mwite yeyote kati ya wapya, umuulize maswali mawili: msimamizi wako utampata vipi, na barua yako ya utafiti itapita meza ngapi? Akijibu yote mawili, nitakuja ofisini kwako kuomba radhi.

Namba ya simu ya yule muuguzi ninayo. Nimemwambia asilitupe daftari. Akapumua kwanza, kisha akaniuliza kama kweli patakuwa na siku nyingine, maana ruhusa nyingine itabidi aiombe mapema. Nimemjibu kwamba nimekuandikia na ninasubiri. Naomba nipate cha kumwambia kabla ya Ijumaa, Mkurugenzi, kwa sababu Ijumaa ndiyo siku wanayopanga zamu za mwezi ujao.

Wako katika utumishi wa elimu,

Mwalimu, mwanafunzi wa mwaka wa pili, uzamili katika elimu
Chanika, Dar es Salaam